Mwimbaji, Mwimbishaji na Umati: Mfano wa Freddie Mercury

Katika somo la fonetiki mwalimu hana budi kutafuta mifano ya sauti ambazo wanafunzi wamekwisha kuzisikia, maana mfano usiojulikana hauna faida. Kwa miaka kadhaa sasa mimi hutumia sauti ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza iitwayo Queen, na kila mwaka hutokea mwanafunzi mmoja akanyosha mkono na kuuliza swali lile lile: "Mwalimu, huyu si Mzanzibari?" Baada ya hapo fonetiki husahauliwa, na darasa zima hushika mjadala juu ya nani mwenye haki ya kumdai. Makala hii imezaliwa na mijadala hiyo. Sikusudii kuamua kwamba yeye ni wa nani. Nakusudia kueleza jambo ambalo naliona kubwa zaidi, nalo ni hili: mwimbaji wa mbele wa bendi ya roki afanya kazi gani hasa, na kwa sababu gani mmoja huitwa mkubwa, na mwingine, pengine mwenye sauti tamu kuliko yake, husahauliwa kabla jukwaa halijafagiliwa.

Habari za maisha yake zajulikana, nami nitazipitia upesi. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, ambao asili yao ya mbali ni Uajemi na ya karibu ni Bara Hindi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali ya kikoloni. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na humo akapiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zake walihamia Uingereza. Alisomea sanaa ya michoro mjini London. Mwaka 1970 akaungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, na John Deacon wa gitaa la besi akaingia mwaka 1971. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, naye ana umri wa miaka 45.

Wako wasemao kwamba siri yake yote ilikuwa sauti. Kauli hii yastahili kupimwa, na kwa bahati njema imepimwa. Mwaka 2016 Christian Herbst, mtaalamu wa sauti kutoka Austria, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa sauti ya Mercury kwa kutumia mahojiano na nyimbo zake zilizorekodiwa. Waliona kwamba alipokuwa akisema tu, bila ya kuimba, nyuzi zake za sauti zilifunguka na kufungika kiasi cha mara 117 kwa sekunde. Kiasi hicho ni cha mwanamume wa kawaida. Ni sauti ya katikati, wala si ile sauti nyembamba ya juu ambayo watu huisikia katika nyimbo zake na kudhani kwamba ndiyo aliyozaliwa nayo. Amma yale madai yaliyoenea sana, kwamba sauti yake ilienea oktavu nne, wachunguzi hawakuweza kuyathibitisha wala kuyakanusha.

Walakini waliona mambo mawili yasiyo ya kawaida. La kwanza ni ule mtikisiko mdogo ambao mwimbaji huutia katika sauti anapoivuta. Waimbaji wengi huitikisa sauti mara tano au sita kwa sekunde. Mercury aliitikisa kiasi cha mara saba, na mtikisiko wake haukuwa na mwendo mmoja, ukawa wamfanya asikike kama mtu aliye ukingoni mwa kilio au mwa kicheko. La pili ni ile sauti ya mkwaruzo, kama ya mnyama angurumaye, ambayo aliitumia alipotaka kukaza neno. Ili kuielewa walimtafuta mwimbaji aliye hai aiige, wakampiga picha ndani ya koo kwa kamera ya mwendo wa kasi sana. Wakaona kwamba mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo katika usemi wa kila siku hukaa kimya, nayo ilikuwa ikitetema, mara moja kwa kila mitetemo mitatu ya nyuzi zenyewe. Sisi walimu wa fonetiki huichora mikunjo hiyo ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba haina kazi katika lugha. Yafaa tuongeze: illa kwa waimbaji wa roki.

Kwa hiyo sauti yake haikuwa zawadi iliyoshuka imekamilika. Ilikuwa sauti ya kawaida iliyofanyiwa kazi ngumu, na kazi hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1975, katika safari ya Marekani, alipatwa na vinundu katika nyuzi za sauti, hata maonyesho kadhaa yakafutwa. Yasemwa pia kwamba alikataa kung'olewa meno manne ya ziada aliyokuwa nayo kinywani, akihofu kwamba sauti yake ingebadilika, ingawa meno hayo yalimtia haya sana na katika mazungumzo alizoea kuyafunika kwa mdomo au kwa mkono. Lakini hata tukiyajumlisha haya yote, bado hatujajibu swali. Waimbaji wa opera wamsomea sauti kwa miaka mingi na huimba vigumu kuliko yeye. Kwa upande mwingine Mick Jagger wa Rolling Stones, bendi iliyoanza mwaka 1962, hana sauti ya upana mkubwa, wala hakuna mtu asemaye kwamba si mwimbaji mkubwa wa jukwaani.

Hapa naomba msaada wa sarufi yetu wenyewe. Kitenzi "imba" chaweza kunyambuliwa kwa njia nyingi, na tatu zatufaa: imba, imbia, imbisha. Aimbaye hutoa sauti. Aimbiaye huielekeza sauti hiyo kwa mtu. Aimbishaye humfanya mtu mwingine aimbe. Kiambishi -ish- (ambacho katika vitenzi kama "cheza" huwa -esh-, kwa kufuata vokali ya shina) chaleta jambo la ajabu katika sentensi. Tusemapo "Juma aliwaimbisha watoto," Juma ndiye mtenda, yeye ndiye akaliaye kiti cha mbele cha sentensi. Lakini sauti isikikayo si lazima iwe yake, ni ya watoto. Magazeti yetu humtaja mtu wa namna ya Mercury kwa maneno "mwimbaji mkuu" au "mwimbaji kiongozi." Maneno hayo hayana kosa, bali yametazama upande mmoja tu, yakamhesabu mtu kwa sauti itokayo kinywani mwake. Wenye ngoma na wenye kwaya walikuwa na neno lifaalo zaidi tangu zamani, nalo ni mwimbishaji. (Vijana wa mitaani siku hizi wamelichukua neno "kuimbisha" wakalipa maana ya kumbembeleza msichana hata akubali. Wazee hulalamika, mimi naona kwamba hawakwenda mbali.)

Kuimbia kwanza. Mercury alikuwa mtu mwenye haya nje ya jukwaa, asiyependa mahojiano, na wenzake wamelisema hilo mara nyingi. Jukwaani alijua kwamba mtu wa mwisho uwanjani humwona mwimbaji mdogo kama ukucha, basi kila tendo lake alilifanya kwa kipimo cha mtu huyo wa mwisho: ngumi iliyoinuliwa juu kabisa, mgongo uliopindwa, hatua ndefu kutoka upande hata upande. Hata ile nguzo fupi ya kipaza sauti aliyoishika siku zote ilitokana na ajali. Katika siku zake za mwanzo, kabla jina lake halijajulikana, nguzo ilimkatikia mkononi wakati wa onyesho. Aliendelea kuimba na kile kipande, akaona kwamba kipande kilimwacha huru kutembea, na tangu siku hiyo hakutaka nguzo nzima. Kipande kile kilikuwa fimbo, kilikuwa gitaa la mchezo, kilikuwa kidole kirefu cha kuwaashiria watu wa mbali.

Sasa nafika penye kiini, nacho chaonekana vizuri katika siku moja, tarehe 13 Julai 1985. Siku hiyo palifanywa tamasha liitwalo Live Aid, mahali pawili kwa wakati mmoja, katika uwanja wa Wembley mjini London na katika uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, ili kukusanya fedha kwa ajili ya watu waliokumbwa na njaa Ethiopia. Wembley palikuwa na watu kiasi cha 72,000, na setilaiti ziliwapelekea picha watu wa nchi nyingi mno. Kila bendi ilipewa muda mfupi, dakika 20 hivi. Umati haukuwa wa Queen. Watu walikuja kwa ajili ya waimbaji wengi. Tena jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo taa za rangi, ambazo bendi za roki huzitegemea sana, hazikuwa na nguvu yoyote. Mercury alitoka amevaa fulana nyeupe isiyo na mikono na suruali ya jinzi.

Mapema siku ile ile bendi ya U2 kutoka Ireland ilikuwa imepanda jukwaani. Mwimbaji wao, Bono, katikati ya wimbo aliruka chini akaenda kwa watu, akamkumbatia msichana mmoja na kucheza naye, hali wenzake wakiendelea kupiga bila ya kumwona. Wimbo ulirefuka kiasi cha dakika 12, na wimbo wao wa mwisho ukakosa nafasi. Wenzake walidhani wameharibikiwa. Haikuwa hivyo, tendo lile liliwagusa watazamaji mno na jina la bendi likakua. Mimi nalitaja si kwa kulilaumu, bali kwa sababu ni mfano safi wa kuimbia: mwimbaji alimchagua mtu mmoja, na maelfu wakatazama.

Queen walikuwa wamejizoeza kwa siku kadhaa katika jumba la Shaw Theatre, London, wakazikata nyimbo zao na kuziunganisha zipate kuenea katika muda ule. Wimbo wao mashuhuri wa mwaka 1975, "Bohemian Rhapsody", ambao katika santuri huchukua karibu dakika sita, waliukata hata ikabaki sehemu ya mwanzo tu. Sehemu ya katikati, yenye lile neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kutia mkono chakulani, haikuimbwa. Wakaingia katika "Radio Ga Ga", wimbo wa Roger Taylor wa mwaka 1984, na ulipofika mkarara mikono ya uwanja mzima iliinuka na kupiga makofi mawili mawili. Hakuna aliyewafundisha pale uwanjani. Kisha bendi ikanyamaza, na Mercury akabaki peke yake na kipande chake cha nguzo, akaanza kuita.

Alichoita hakikuwa maneno. Kilikuwa silabi mbili zisizo na konsonanti hata moja: ya kwanza vokali ya mbele iishiayo kwa kupanda, ya pili vokali ya nyuma ya mviringo, iliyovutwa. Alitoa wito mfupi, akanyamaza, watu wakauitikia. Akatoa mwingine, mrefu kidogo, wenye kona moja, wakauitikia. Akaendelea hivyo, kila wito ukipanda ugumu kuliko uliotangulia, na katikati akaishika sauti moja akaivuta hata watu wakadhani haitakwisha, nao wakaivuta vile vile. Aliposikia kwamba sasa wamefika mwisho wa uwezo wao, alikata na bendi ikaanza wimbo mwingine. Jambo zima halikufika hata dakika moja.

Mtu aweza kuona huu ni mchezo wa watoto. Atazame jinsi ulivyojengwa. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 170 kutoka jukwaani husikia wito nusu sekunde baada ya kutolewa, na jibu lake huchukua nusu sekunde nyingine kumrudia mwimbaji. Lakini mtu wa mbele husikia na kujibu papo hapo. Kwa hiyo jibu la umati haliji kama neno moja, huja kama wimbi ligongalo mwamba kwa mfululizo. Mwimbaji asiyengoja hulikanyaga jibu la watu wa nyuma kwa wito wake wa pili, nao watu wa nyuma hujiona kwamba hawatakiwi, wakanyamaza. Mercury alingoja. Kusubiri kule, huku macho ya dunia yakimtazama naye hana la kufanya ila kusimama, ndiko naona kulikuwa kugumu zaidi kuliko ile sauti ndefu ambayo watu huisifu.

Na vokali zile nazo hazikuchaguliwa ovyo, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kusoma fonetiki. Konsonanti kama p, t na k kwa hakika ni kimya kifupi na mpasuko mdogo. Katika kelele za uwanja hupotea zote. S ni mvumo mwembamba ambao hufunikwa na mvumo wa umati wenyewe. Vokali ndizo zibebazo nguvu ya sauti kwenda mbali, hasa a na o ambazo kinywa huzifungulia. Wasikilizeni wavuvi wakivuta jarife: kiongozi aweza kutia maneno mengi, matusi na majina ya watu, lakini kiitikio cha wavutao hujaa vokali. Lugha yetu, ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa vokali, ina bahati katika jambo hili. Kiingereza hakina, na pengine ndiyo maana Mercury, alipotaka kuwaimbisha watu 72,000, alikiweka Kiingereza kando.

Ujuzi huu haukumjia siku ile. Mwaka 1977 Queen waliimba Bingley Hall, Stafford, Uingereza, na onyesho lilipokwisha watu hawakutoka, bali waliwaimbia wao wimbo ambao mashabiki wa kandanda huuimba viwanjani. May na Mercury walitoka mle na wazo jipya: kuandika nyimbo ambazo umati una sehemu yake tangu mwanzo. May akaandika "We Will Rock You", ambao msingi wake ni vishindo viwili vya miguu na kofi moja, kitu awezacho kukifanya mtu asiyejua muziki hata kidogo. Mercury akaandika "We Are the Champions". Zote mbili zilitoka mwaka huo huo. Tazama kwamba majina yote mawili yaanza kwa "sisi." Ziko lugha duniani zenye "sisi" mbili, moja ya kumtia ndani msikilizaji na moja ya kumtoa, Kiingereza kina moja tu, kama Kiswahili. Bendi iliposema "sisi" haikubainisha kama ni wale wanne au ni wote, na umati ukajitia ndani. Wako waliouona wimbo wa pili kuwa ni majivuno ya bendi. Wangeuona hivyo kwa haki kama ungeimbwa na mtu mmoja.

Ushahidi ulio mkubwa kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, ni wa Budapest. Tarehe 27 Julai 1986 Queen waliimba katika uwanja wa Népstadion, Hungary, wakati ambapo maonyesho makubwa ya roki kutoka Magharibi yalikuwa adimu sana katika nchi za Mashariki ya Ulaya. Mercury aliimba wimbo wa kienyeji wa Wahungaria, kwa Kihungaria, lugha ambayo hakuijua na ambayo haina udugu na Kiingereza. Maneno aliyaandika katika kiganja chake, na filamu ya onyesho yaonyesha akikitazama waziwazi, bila ya kujificha. Umati uliupokea wimbo ukauchukua. Matamshi yake sithubutu kuyapima, kwani Kihungaria sikijui. Lakini wenye lugha waliimba, na kwa kipimo cha -ish- hilo latosha. Kiswahili chetu kina kitenzi kizuri kwa jambo hili. Watu hawakuusikiliza wimbo, waliupokea. Ndiyo maana mkarara huitwa pia kipokeo.

Lazima niseme na upande mwingine, nisije nikaonekana shabiki. Mwaka 1984, wakati wa siasa ya ubaguzi wa rangi, Queen walikwenda kuimba Sun City, Afrika Kusini, ingawa palikuwa na wito wa kususia, nao wakalaumiwa vikali kwao na kwingineko. Lawama ile ilikuwa ya haki. Kuimbisha ni uwezo, si wema. Mwimbishaji aweza kuimbisha mahali asipopaswa kukanyaga.

Je, uwezo huu aliuchukua Unguja? Wanafunzi wangu hutaka niseme ndiyo, nami sisemi. Mtoto aliyeondoka na umri wa miaka minane, akarudi kwa muda mfupi katika ujana, ameacha ushahidi mdogo mno wa kumfanya mtu adai kwamba ngoma za Unguja zimo ndani ya Wembley. Tena taarabu, sanaa iliyotukuka mjini pale tangu siku za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, haikujengwa kwa namna ile. Katika taarabu mwimbaji hutulia mahali pake, na msikilizaji aliyeguswa ndiye ainukaye, akenda mbele kumtunza. Katika roki ni mwimbaji atembeaye. Lililo sawa na kazi ya Mercury ni ngoma na nyimbo za kazi, ambako mwimbishaji hutoa na waitikiaji hupokea. Lakini hayo yako pia Marekani katika makanisa ya Weusi, ambako roki yenyewe ilichota sehemu kubwa ya damu yake. Kufanana si lazima kuwe udugu. Walimu wa lugha tulilipa ghali kujifunza jambo hilo.

Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Mercury hakucheza kwao. Alitunzwa ugenini, na kwao mambo yake yamekuwa na utata. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa Unguja ya kuadhimisha mwaka wa 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya watu wa dini kupinga mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, na wageni hupiga picha mlangoni. Pande zote mbili, wampingao na wauzao picha zake, humzungumzia mtu. Kazi yake ni wachache waizungumzao. Nami nahofu kwamba kwa kutoijua kazi hiyo twajipunja wenyewe. Katika mashindano ya waimbaji yaonyeshwayo katika televisheni zetu, waamuzi humpima kijana kwa noti ya juu aliyoifikia, yaani kwa kuimba peke yake. Na katika matamasha mengi msanii huja na wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaufuatisha kwa midomo, naye hana pa kungojea, kwa kuwa kanda haingojei mtu. Watazamaji nao wameinua simu zao wapige picha. Mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja hawezi kupiga makofi.

Nimepata kujaribu darasani. Nilimwita mbele kijana aliyesifiwa na wenzake kwa sauti nzuri, nikamwomba awaimbishe kwa vokali tupu. Wito wa kwanza waliuitikia. Wa pili aliutoa kabla hawajamaliza, na wa tatu akaimba peke yake, vizuri sana, wenzake wakimpigia makofi kama wageni. Kisha akainuka msichana mmoja aliyelelewa na bibi yake shamba, sauti yake imekwaruza kwa mafua, akatoa wito na kutulia, mkono sikioni. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi somo la siku ile.

Tarehe 12 Agosti 2012, katika kufungwa kwa Michezo ya Olimpiki mjini London, picha ya Mercury ilitokea katika viwambo vikubwa vya uwanja, nayo ni filamu ya onyesho lake la Wembley la mwaka 1986. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 20. Picha ilitoa wito wa zile vokali, na uwanja mzima, wakiwamo vijana waliozaliwa baada ya kifo chake, ukaitikia, wito baada ya wito. Filamu haiwezi kusikia wala kungoja; lakini kile kimya alichowaachia watu wa 1986 kilikuwa bado kimo ndani yake, chenye urefu ule ule, na watu wa 2012 wakaingia humo wakaimba.